Shangazi Aliyeachwa Nje ya Mkutano Wake

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Shangazi, mratibu wa matawi katika kampuni yetu ya pampu za maji, alistaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jarida hili huandika habari hizi kwa tabasamu. Safari hii mtanisamehe, nimefura kwa hasira.

Alianzia mapokezi, akipokea simu za matawi zilizokatika kila mtu alipofika kwenye jambo la maana. Pampu ikiharibika tawi la mbali, fundi alifunga safari, akafika na spea isiyofaa, akarudi. Mteja hana maji, sisi tuko njiani. Ni Shangazi aliyewasumbua wakubwa mpaka wakanunua kamera na skrini za mikutano ya video na matawi, vitu walivyoviita anasa.

Akaweka na sheria yake: onyesha kwanza, maneno baadaye. Hakuna aliyeruhusiwa kueleza tatizo kabla hajaliweka mbele ya kamera. Siku moja meneja wa tawi, mtu wa maneno mengi, alilazimika kuinua mota nzima kifuani, jasho likimtoka, na fundi wetu akauona ufa kabla mwenzake hajapata pumzi ya kuongea. Mteja alipata maji jioni ile ile. Gharama za safari zikashuka, wateja waliotukimbia wakarudi, kina mama wenye watoto wachanga wakahudhuria vikao wakiwa nyumbani. Na kila mara tawi la mbali zaidi ndilo lililoongea kwanza, bosi apende asipende.

Sasa sikieni alivyoagwa. Mkurugenzi aliamua hafla ifanyike kwa video, eti kubana matumizi, hata kwa sisi tulio jengo moja naye. Haya. Asubuhi hiyo ofisi ya utumishi ikaifunga akaunti ya Shangazi, kwa kuwa amestaafu. Akajiunga kwa simu ya mjukuu wake, na jina geni likakwama kwenye chumba cha kusubiri. Sote tuliliona, tukajua ni Shangazi, maana mkurugenzi alikuwa akituonyesha skrini yake. Wa kumfungulia alikuwa mkurugenzi tu, na macho yake yalikuwa kwenye hotuba. Tulipunga mikono, tukapiga kelele. Alikuwa ametuzima sauti sote. Akausifu ushirikiano wa mbali, akajisifu kwa kuuleta, akamshukuru Shangazi "popote alipo", akafunga mkutano.

Shangazi alikuwa sebuleni kwake, na gauni jipya, mumewe kando amefunga tai, wajukuu wamepangwa kwenye kochi, wote wakitazama skrini inayowaambia wasubiri. Alikuwa ameandaa maneno ya kutuaga, hatujayasikia. Nilipompigia simu alicheka, akasema, "Achana nao, mwanangu, mimi nimezoea kuunganisha wengine." Mimi sikucheka. Ni aibu, na naiandika hapa ili ionekane.

Jumamosi wenzetu wa matawi yote wanakuja nyumbani kwake, wenyewe, kwa nauli zao. Tawi la mbali zaidi litaongea kwanza, kisha Shangazi, mpaka atosheke. Asante, Shangazi, kwa kila uso uliotusogezea karibu. Pumzika vyema, na afya na furaha visikupungukie.

Mkurugenzi naye anakaribishwa, kwa video. Tutamweka kwenye chumba cha kusubiri.