Mama Fomu na Gari la Wazee

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Fomu, alizaliwa tarehe 12 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake, ndiye anayesoma wasifu huu, na tangu hapo mdogo mtu hakuambiwa neno jingine ila, "Mtazame dada yako!"

Shuleni marehemu alikuwa wa kwanza kila muhula. Mdogo wake alishika namba mbili mara moja. Mama akauliza, "Na wa kwanza nani?"

Mwaka 1981 aliolewa na fundi cherehani. Aliyemwona kwanza fundi huyo ni mdogo wake, lakini hayo yamepita. Shemeji, pole sana.

Alikuwa karani wa ustawi wa jamii, akiwajazia watu fomu hata akapewa jina hilo, hadi alipostaafu mwaka 2012, akafungua kituo cha kutwa cha wazee. Mdogo wake naye, hakubali kuachwa, akafungua chake mtaa wa pili. Wakawa wanaomba ruzuku kwa wafadhili walewale. Kila mwaka Mama Fomu anapata, mwenzake anapata barua ya "tunasikitika". Wivu ulimkereketa, hawezi kusema uongo mbele ya jeneza.

Mwaka 2018 wafadhili walitangaza gari moja la kuwapeleka wazee kliniki. Mdogo mtu alichukua maombi ya zamani ya dada yake, akayanakili neno kwa neno, akabadilisha jina la kituo. Akapata! Alilipitisha gari lile mbele ya geti la dada yake mara tatu, honi juu. Mama Fomu akatoka, mikono ina povu la sabuni. "Hongera, mdogo wangu. Ila punguza honi, wazee wamelala."

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023. Hata wodini alijaza fomu, akificha kalamu muuguzi akipita. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi, mdogo wake akiwa amemshika mkono.

Juzi hapa msibani, ofisa wa wafadhili alimvuta mdogo wa marehemu pembeni. Kumbe katika maombi yale, ukurasa wa tatu, jina la kituo cha Mama Fomu lilikuwa limesahaulika palepale bila kubadilishwa. Walimpigia simu Mama Fomu kumuuliza kama ameibiwa kazi yake. Akawajibu, "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyemchapia." Kisha akaondoa maombi yake mwenyewe ya gari lile. Mwaka ule wazee wake walikwenda kliniki kwa miguu, na yeye hakumwambia mtu mpaka anakata roho.

Kuanzia Jumatatu gari hilo litabeba wazee wa vituo vyote viwili.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, wazee arobaini na watatu, na mdogo wake, ambaye wivu bado haujamwisha. Maisha yake yote alitaka kumshinda dada yake mara moja tu, na hiyo mara moja nayo, kumbe alipewa.

Pumzika kwa amani, dada.