Maji ya Timu

Lori la mashabiki lilikuwa likirudi Mpanda mjini kutoka mpirani Kasokola. Nyanzala alikuwa amepakata kichwa cha baba yake, aliyeangushwa na jua katikati ya watazamaji. Mbele yake aliketi daktari wa timu, amekumbatia dumu la maji, mkoba wa dawa kaukalia.

"Uwanja mzima maji ulikuwa nayo wewe tu," Nyanzala alimwambia. "Nikakuomba nimmwagie mzee kichwani, ukaninyima. Daktari gani wewe?"

"Wa wachezaji, dada yangu. Na haya yametoka kwa mganga. Akimwagiwa mtazamaji, ushindi unaondoka naye."

"Ushindi upi? Si mmefungwa matatu!"

"Bila haya yangekuwa sita."

Lori zima likaangua kicheko. Nyanzala hakucheka, paji la mzee lilikuwa linawaka moto, na bado hajamtambua mwanawe.

"Haya, mechi imeisha. Mmwagie sasa."

"Jumapili kuna marudiano."

Lori likasimama mbele ya hospitali. Daktari akawa wa kwanza kuruka chini, dumu mkononi. Akainama, akabebeshwa mzee, akatimua mbio kuelekea mlangoni huku Nyanzala akimfuata nyuma.

"Mgongo nimetoa, dada," alisema akihema. "Maji sitoi!"