Vikinga Upepo vya Hashim

Sogeeni, wajukuu zangu, jibaneni mtoshe mkekani. Mwenye redio aizime, mwenye simu aifunike, maana jambo hili nikilikatisha katikati sitaweza kulianza tena. Mwakijua kijiwe chetu cha Msambweni, pale ubao mrefu unapoegemea karakana ya Tembo, fundi wa kuchomea vyuma. Nimeuza kahawa pale miaka kumi na tisa. Kusoma sijui, lakini sauti za watu hazinitoki. Nikifumba macho nawasikia. Tembo mwenyewe, mrefu hata mlangoni kwake aingia kwa kuinama. Mbwana, tuliyemwita Rubani kwa kuwa zamani aliosha ndege ndogo kule Ukunda, na kuipanda hajaipanda hata siku moja. Hesbon wa bodaboda, tuliyemwita Bara kwa ajili ya kwao. Na Hashim. Siku hiyo ya kwanza, baada ya alasiri, Hashim alikuja akiisukuma ile pikipiki yake kubwa ya safari, aliyokuwa akiwapakia wageni wa Diani hadi Shimoni, hata Taru. Alikuwa na boksi kwapani. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya plastiki, vyeusi kidogo, vimepinda kama kucha za dole gumba, na mfuko wa bolti.

— Hivi ni nini, bwana we? Vifuniko vya sufuria? — Tembo akauliza.

— Vikinga upepo. Kioo cha mbele chazuia ule wa juu. Lakini kuna upepo unaopita chini, kati ya taa na tangi, unapanda huku. — Hashim akajigusa kifua. — Daktari amesema mapafu haya hayauwezi tena. Nifungie, kushoto na kulia, nifike Taru.

Sote tulijua Taru kuna nani. Kuna Kahaso, mkewe. Miaka kumi na miwili nyuma mtoto wao alishikwa na homa, na Hashim akawasha pikipiki akaenda na wageni wake. Aliporudi mtoto amekwisha zikwa. Akamwambia Kahaso mbele ya waliohudhuria matanga: "Umemwacha mwanangu afe." Kahaso alifunga nguo zake akarudi kwao. Talaka hakupewa, na msamaha hakuombwa.

— Mzee Hashim — Bara akasema — si upande tu matatu? Ama nikusakie gari, probox, ulale nyuma mdogo mdogo hadi huko?

— Siku ile niliondoka na hii, Hesbon. Mtoto anaungua, mimi nawasha hii. Nitakwenda nayo, nimkabidhi ufunguo uani kwao, aiuze au aichome moto. Na neno langu nililitoa mbele za watu. Nitalirudisha mbele za watu. Nilikosa mimi, niende mimi.

— Basi ni tundu mbili tu na bolti — Bara akasema. — Leta drili, Tembo.

— Tundu mbili! — Rubani akaruka. — Ukivilaza vibaya umeshafanya mabawa. Ndege hupaa kwa kitu hicho hicho. Akifika mteremko wa Kinango, magurudumu yaacha ardhi.

— Rubani, wewe ulikuwa unaosha ndege — Tembo akasema.

— Nikiosha naangalia!

— Ulikuwa unaangalia tairi.

Hashim alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Tukangoja kimalizike. Akakunja kitambaa chake cha mkononi akakitia mfukoni, na hakuna aliyekitazama.

— Mimi nasema — Tembo akaendelea haraka — vikae wazi kama milango, upepo utoke nje.

— Upepo wa wapi? — Rubani akauliza. — Huu wetu una chumvi, mlaini, wapishana na mtu. Ule wa Taru mkavu, waja na vumbi, wagonga. Yataka vikinga viwili kila upande.

— Upepo hautoki mbele, yakhe — Tembo akasema. — Mtu ndiye anayeuchokoza. Ukienda taratibu, upepo haukuoni.

— Basi mwambieni aisukume hadi Taru! — Bara akasema.

— Au vifungeni midomoni mwenu — nikawaambia — maana unaovuma hapa wote watoka humo.

Ikachukua siku nne kukubaliana. Tembo akawasha makumbi ya nazi mbele ya pikipiki, akaweka feni nyuma ya moshi, tuone upepo wapita wapi. Hashim hawezi moshi, kwa hiyo Tembo mwenyewe akapanda kukaa badala yake. Moshi ukampitia mabegani, kifua kikabaki safi. Tukapiga makofi. Tukafunga bolti. Hashim akaenda hadi Ramisi kujaribu, akarudi midomo imekuwa ya kijivu.

— Upepo wote waniingia kooni.

— Tembo! — Bara akapiga kelele. — Umepima urefu wako! Mzee anakufika kwenye kwapa!

Tukacheka siku ile. Wallahi, tulicheka.

Mara ya pili Hashim akakaa mwenyewe. Nilichana ukingo wa leso yangu nikawapa utepe, wakaufunga kwenye kijiti, wakamsogezea kifuani, feni ikivuma. Tembo akaweka alama ya chaki kwenye kijiti, pale kifua cha Hashim kilipofika, akakaza bolti. Utepe ukalala kimya. Safari ikawa Ijumaa, baada ya sala.

Alhamisi homa ikamwangusha. Siku kumi hatukumwona. Alipokuja, akapanda ajaribu tena, na utepe ule ule, feni ile ile, ukasimama ukimwelekea kinywani.

— Vyuma vyako vimepanda, Tembo — Hashim akasema.

Tembo akashika bolti. Nilimwona akiizungusha, nayo haiendi. Imekaza kama alivyoikaza.

— Vimepanda kweli, ndugu yangu. Bolti za siku hizi hazina imani.

— Ni barabara — Rubani akasema. — Matuta ya Ramisi yale.

— Ni joto — Bara akasema. — Chuma ikipata joto hujivuta.

— Ni joto — nami nikasema, nikammiminia kahawa.

Tembo akafungua, akavishusha kwa upana wa kidole kimoja, akakaza. Wiki iliyofuata, vile vile. Akashusha vidole viwili. Shati la Hashim lilikuwa limeanza kumpwaya mpaka kola yamwonyesha mifupa, na mgongo umejikunja, na kila tukipima tunamkuta yuko chini ya alama. Tukaweka mto juu ya kiti. Tukabishana kuhusu mto: wa pamba au wa sufi. Rubani alisema sufi ni nyepesi, itapeperuka na mtu wake. Hashim akasema, kwa sauti ndogo ile aliyobaki nayo:

— Wekeni wowote. Ila mfanye haraka kidogo.

Alikufa Jumatano, adhana ya alfajiri ikiadhiniwa. Adhuhuri ilipofika tulikuwa tumeshamzika.

Siku ya nne, tuko kijiweni, pikipiki imeegemezwa pale pale karakanani, mwanamke akashuka garini na mfuko mdogo. Habari ilikuwa imempata kupitia mpwa wake mwenye duka Ukunda.

— Shikamoo, Bi Tumu — akaniamkia.

— Marahaba, Kahaso mwanangu. Pole, mama. Pole sana.

Akaitazama pikipiki. Akapitisha kidole kwenye plastiki.

— Hivi ni vya nini?

Tembo akamweleza. Alimweleza kila kitu, ufunguo, uani kwao, neno lile. Jitu zima lile lilikuwa linasema na macho yako chini.

— Alisema hivyo? Mbele yenu?

— Mbele yetu sote, dada. Alisema alikosa yeye.

Kahaso akakaa kwenye ubao. Tukampisha.

— Mlivifunga kwa muda gani?

— Wiki sita hivi — Bara akasema.

— Wiki sita. — Akamgeukia Rubani. — Kaka Mbwana, katikati ya wiki hizo ulinipigia simu.

Kila Idi Rubani alinunua mbuzi wake kwa Kahaso. Sote tulijua. Mimi mwenyewe nyama ya mbuzi wale nimeila.

— Nilikupigia, dada.

— Ukaniuliza kama yule beberu mweupe bado yupo. Tukaongea beberu, tukaongea mvua, ukaniuliza hali ya mama yangu. Kwa nini hukuniambia, "Kahaso, njoo"?

Rubani akaanza kufuta vumbi la tangi kwa ukingo wa shati lake. Huyu mtu mwenye maneno ya upepo wa dunia nzima. Tembo akaanza kutafuta spana mfukoni, na spana yuko nayo mkononi. Bara akatazama barabara. Kahaso akatutazama mmoja mmoja, akanifikia na mimi.

— Ningekuja kwa miguu — akasema. Sauti hakuipandisha.

Nikainamisha dele la kahawa nimpe angalau kikombe. Yalitoka machicha matupu.

Baada ya hitima, Ramadhani, nduguye Hashim, aliketi na watu wa msikitini wakagawa alivyoviacha marehemu. Pikipiki ilikwenda Taru juu ya lori la ng'ombe lililokuwa likirudi tupu, na Kahaso akakaa mbele na dereva. Vikinga aliomba vifunguliwe kwanza. Tembo hakuweza, akafungua Bara. Kimoja kiko kwa Bara, amekifunga kwenye bodaboda yake, na abiria wakimuuliza huwaambia ni cha urembo. Kingine Ramadhani alikitupa pamoja na boksi. Nyumba ni ya Ramadhani na dada zake. Koti la safari alipewa Tembo, halimwingii, analitundika. Mimi nilipewa ule mto wa sufi, na kuulalia siulalii. Mbwana hakuachiwa kitu. Namba ya Kahaso ingalimo simuni mwake, nasikia. Idi ilipokuja alitoka asubuhi kwa miguu, akaenda kununua mbuzi kwa mtu mwingine.