Swichi, Fundi Ambaye Mashine Haikumzimikia

Nilipokabidhiwa kazi ya kuandika wasifu huu, nilidhani ugumu wake ungekuwa kumfupisha mtu aliyekuwa mrefu wa maneno. Nilikosea. Ugumu ulikuwa sentensi moja. Wiki chache kabla ya kufariki, marehemu baba yetu, mliyemwita Swichi, aliniita kando ya kitanda chake akasema, "Wewe ndiye msomi, wewe ndiye utakayeandika. Weka upendavyo, ila hili usiliache: hakuna mashine iliyomzimikia Swichi akiwa zamu." Nilikubali, kisha nikajuta, maana wengi mliokusanyika hapa mmeiona kwa macho yenu, kwenye skrini, mashine ikimzimikia. Nilidhani ananiomba nimpambe kwa uongo mdogo, na mimi si hodari wa uongo, hata ule mdogo. Kama nitaisoma sentensi hiyo au sitaisoma, mtasikia mwishoni. Kwanza tumfuate tangu alikoanzia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa tatu wa kinyozi na mshona nguo, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, ambako cherehani na kitanda viligusana. Bibi yetu alisimulia kwamba kichanga kile kilikuwa hakishiki usingizi mpaka cherehani ilie. Alipofika miaka saba aliifungua cherehani hiyo yote, akitafuta mahali sauti inapolala. Bibi alimkuta amezungukwa na vyuma, akamwambia, "Utairudisha ilivyokuwa, na chakula utakiona ikishashona." Jioni cherehani ilishona, tena kwa ulaini kuliko jana yake, lakini skrubu moja ilibaki sakafuni. "Na hiyo je?" bibi akauliza. "Hiyo ilikuwa ya bure, mama." Skrubu hiyo aliitundika kwenye pete ya funguo zake, na ndiyo aliyoingia nayo hospitalini.

Alipata elimu ya msingi kati ya mwaka 1960 na 1967 katika shule iliyokuwa nyuma ya ghala la nafaka, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu fani ya mitambo na umeme Desemba 1970. Siku ya kuchukua matokeo, mwalimu wa karakana alimwita babu yetu pembeni. "Mzee, mwanao anajua," alisema. "Tatizo ni kwamba anajua kwamba anajua." Babu, aliyekuwa amemnyoa mwalimu huyo kwa miaka, alimtazama kisogo akajibu, "Mwalimu, na mimi ningekuwa sijui kwamba najua, ungenipa shingo yako?"

Tarehe 3 Februari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha mikate kama msaidizi wa fundi, na mwaka 1978 akawa fundi mkuu wa mitambo, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Juni 2010. Wasiowahi kuingia humo wajue kwamba mkate ni mpole, lakini unakotoka si kupole. Palikuwa na mashine ya kukandia unga, pipa lenye mkono wa chuma usiojua tofauti ya donge na kiwiko. Palikuwa na mkanda wa kubebea mikate kutoka kwenye tanuri. Mwisho wa mkanda palikuwa na mashine ya kukatia, yenye visu vilivyosimama wima kama meno ya kitana. Fundi aliyemfunza kazi alikuwa na vidole saba. Vile vingine, mwenyewe alikuwa akisema, vililiwa na wateja.

Kwa fundi huyo baba alirithi desturi ambayo hakuiacha hata siku moja. Kabla ya kuwasha mashine yoyote alisimama kwenye swichi na kupaza sauti: "Mikono?" Kila aliyekuwa karibu aliinua yote miwili na kuitika, "Hii hapa!" Asipoitika mmoja, mashine haiwaki. Meneja mmoja mgeni alisimama kando ya mkanda na karatasi zake, akakataa kuinua. "Mimi si mtoto wa chekechea," alisema. Baba akaondoa mkono kwenye swichi, akafunga vifungo vya koti. "Sawa, bosi. Leo mji utakula karatasi." Meneja aliinua mikono, karatasi zikaanguka, kazi ikaendelea. Katika miaka yote ambayo swichi ilikuwa mkononi mwake, hakuna mfanyakazi aliyerudi nyumbani akiwa pungufu ya alivyokuja. Hilo alilisema msibani, harusini na kwenye foleni ya benki, na kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale: "Mashine yangu haijui kuzima mpaka niiambie."

Sasa nifike kwenye filamu, ambayo katika rasimu yangu ya kwanza niliitengea mstari mmoja kwa kuona haya. Mwaka 1983 kijana mmoja mpiga picha za harusi aliomba ruhusa ya kutumia kiwanda siku za Jumapili, mitambo inapopumzika. Alikuwa na kisa chake, *Zamu Yao*: mashine za kiwanda cha mikate zinachoka kupigwa mateke na kutukanwa, zinaamua kufanya kazi peke yake, na sasa wafanyakazi ndio wanaokuwa unga. Baba ndiye aliyezitia uhai. Kila mnapoona mkanda unamnyemelea mtu, ni yeye amelala kifudifudi nyuma ya magunia, kamba mkononi, pua imejaa unga. Kila Jumapili alivitoa visu vya mashine ya kukatia kwa mikono yake, akavifunga kwenye koti lake na kulikalia. Na hata hapo hakukubali kuwasha chochote kabla ya kuuliza mikono. Mwongozaji alichoka kuikata sauti ile kila mara, akaamua kuiacha.

Filamu ilipotoka, watu walicheka mahali pa kulia, na wiki haikuisha ikaondolewa. Baadaye ukumbi mdogo uliokuwa juu ya duka la viatu ukaanza kuionyesha kila Jumamosi, kwa kuwa haukuwa na nyingine. Waliocheka wakarudi. Waliorudi wakaleta wenzao. Wakayajua maneno yote kwa moyo, na sauti ya baba ilipotoka pasipojulikana, "Mikono?", ukumbi mzima ukainua na kuitika. Wako vijana hapa leo ambao hawakuwa wamezaliwa, na jana nimewaona wakipimana nani anaijua filamu hiyo zaidi.

Mwongozaji hakuwa na fedha za mwigizaji wa kike, akamchagua binti mmoja aliyekuwa akifunga mikate. Huyo ndiye mama yetu. Mnaukumbuka mwisho wa filamu: wenzake wote wamekwisha, yeye amelala juu ya mkanda, macho yamefumbwa, mdomo wa mashine ya kukatia uko mbele yake. Ghafla kila kitu kinazima. Kimya. Binti anafumbua macho, anaketi, anaipigapiga mashine kama anayemtuliza ndama, anatoka nje na kuuacha mlango wazi. Kwa miaka arobaini watu wamebishana kwa nini mashine ilimwacha. Wapo wasemao ilimpenda. Wapo wasemao ilimwona mfanyakazi mwenzake. Mama, akiulizwa, alijibu kwa maneno machache: "Iliharibika, jamani. Mnatafuta nini?"

Jioni ile ya Jumapili, kadiri alivyotusimulia, alimwonea huruma fundi aliyejisifu mwezi mzima kisha akaaibika mbele ya kamera. Alimpelekea kikombe cha chai pale alipoketi juu ya koti lake. "Pole, fundi," alimwambia. "Hata mashine huchoka." Baba, ambaye tulimjua sote, alipokea chai akanyamaza. Walioana tarehe 27 Aprili 1985. Nyumbani kwetu majivuno ya baba yalikuwa na kipimo chake. Akisema hakuna mashine iliyowahi kumzimikia, mama hujibu kutoka jikoni bila kugeuka, "Ila ile moja." Naye huinamia kikombe chake na kusema, "Ila ile moja." Sisi watoto tulikua tukiamini kwamba huo ndio upungufu pekee ambao baba aliwahi kuukiri.

Unga alioulalia na kuuvuta kwa miaka ulimdai mwishowe. Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2019, na Januari mwaka huu wa 2024 alilazwa, akawekewa mashine ya kumsaidia kupumua. Muuguzi alipotaka kuiwasha, mgonjwa aliinua kichwa kwenye mto akasema kwa sauti iliyobaki, "Mikono?" Muuguzi alimtazama vizuri, kisha akainua yote miwili. "Hii hapa, baba. Kumbe ni wewe!" Tangu hapo alipewa chai kabla ya daktari. Aliiona mashine ile kuwa nzuri, ila alisema mlio wake unaonyesha kuna skrubu imezidi. Alifariki kwa utulivu asubuhi ya Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, mkewe akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mdogo, mafundi aliowafunza ambao wote wana vidole kumi, na watu wa Jumamosi, ambao familia haiwezi kuwataja mmoja mmoja lakini inawashukuru kwa pamoja.

Wasifu ulikuwa unaishia hapo, na sentensi aliyoniagiza haikuwamo. Alhamisi mchana yule mwongozaji, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alikuja kutoa pole. Aliketi karibu na mama, akanywa maji, akasema, "Shemeji, mashine haikuharibika. Mimi niliandika ufe."

"Nife?"

"Ufe kabisa. Nilikuwa na ndoo ya rangi nyekundu tayari. Mkanda ulipowashwa, wewe uliinua mikono kama wengine, kisha ukatia pamba masikioni kwa ajili ya kelele, ukalala. Ilipofika zamu ya kuwasha mashine ya kukatia, akaita tena. Sote tukaitika. Wewe hukusikia. Akazima kila kitu. Nikamwambia, Swichi, visu si umevikalia mwenyewe? Akasema, najua. Nikasema, basi washa! Akasema, hajajibu. Na utepe wangu wa kamera ulikuwa wa mwisho, sikuweza kurudia. Sauti zetu nilizifuta baadaye, nikabaki na kimya kile."

Mama akauliza, "Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, chai ya pole nimeshakunywa. Nikimwambia haikuharibika, nitakuwa nimeiiba."

Mama aliangua kicheko, cha kwanza tangu Jumapili, mpaka akajishika mbavu. "Mwizi mkubwa yule! Miaka yote hiyo nampa pole ya bure!" Kisha akajifuta macho, akanigeukia. "Wewe msomi, mpigie mchapaji. Mwambie asubiri."

Mchapaji alisubiri. Kwa hiyo naisoma kama marehemu alivyoniagiza, mbele ya mke wake, ambaye leo hana la kuongeza kutoka jikoni: hakuna mashine iliyomzimikia Swichi akiwa zamu. Zamu yake imekwisha salama. Mungu ampokee, apumzike kwa amani.