Fundi Sikiliza-Kwanza na Sentensi Aliyoikata

Mliopata viti, kaeni; mliokosa, mtuvumilie kidogo, maana huyu tunayemsindikiza leo hakupenda jambo lipitiwe haraka haraka. Wengi wenu mlimjua kama Fundi Sikiliza-Kwanza. Alipokuwa na kauli yake alimwagiza mkewe kwamba siku hii ikifika tusimpambe. "Semeni na ile ya Sisi Watatu," alisema. "Mkiiruka hiyo, mtakuwa mmezika mtu mwingine." Basi tutaisema, zamu yake ikifika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1959, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao ambako baba yake alikuwa mlinzi. Mama yake alifua mashuka ya hospitali. Baba alikuwa na redio moja, na amri ya nyumba ilikuwa kwamba kitasa chake kisiguswe, kwa kuwa stesheni ilishapatikana na inatosha. Mzee akitoka tu, kijana anakizungusha taratibu, anatafuta zile sauti za mbali zinazokwaruza na kupotea. Mama alimuuliza anasikia nini humo. "Kuna watu wanaimba, mama, ila hakuna anayewasikiliza." Alikuwa na miaka saba, na kwa kweli hakubadilika sana baada ya hapo.

Elimu ya msingi aliipata shule ya karibu na reli, kuanzia mwaka 1967. Darasani alikuwa wa katikati, hakuwa wa kujivunia wala wa kuficha. Alipokuwa darasa la sita, kipaza sauti cha shule kiliharibika akakitengeneza kwa waya wa kuanikia nguo. Mwalimu mkuu akamruhusu akijaribu mbele ya shule nzima. Badala ya kuhesabu moja, mbili, tatu kama watu wengine, yeye akaweka santuri ya bendi ya wapakiaji mizigo ambayo hata wapakiaji wenyewe hawakuijua. Alichapwa, na mwalimu akaiazima ile santuri. Mwaka 1978 aliingia chuo cha ufundi, akahitimu umeme na redio mwaka 1981.

Tarehe 2 Mei 1983 alifungua karakana yake, chumba chembamba kati ya duka la vipuri vya baiskeli na saluni, na hapo alifanya kazi mpaka mwisho. Mnakumbuka ilivyokuwa. Unapeleka redio bubu, unarudishiwa inayosema, na ndani yake kuna kanda ambayo hukuiacha. Ukifika nyumbani ukibonyeza, unakutana na vijana usiowajua kabisa, wa mtaa wa nyuma au wa mji wa mbali, wanaopiga gitaa kana kwamba wamewashwa moto. Ukirudi kuuliza, anakukatiza: "Usiniambie kitu kama hujafika mwisho. Sikiliza kwanza." Hapo ndipo alipopata jina. Kanda zilipokwisha akahamia kwenye sidii, kisha memori kadi, na miaka ya mwisho hakuna simu iliyotoka mikononi mwake bila nyimbo tatu za wageni. Mtangazaji wa kipindi cha Jumamosi alipita kila mwezi kumuuliza safari hii ni nani. Zipo bendi zilizopata watu kwa mdomo wake, na wengine wao wako hapa leo. Tusiwe wanafiki, zipo pia alizozisifu peke yake, na mpaka leo bado yuko peke yake.

Mkewe alimpata kwa njia hiyo hiyo. Alileta redio yake ndogo, akarudi siku ya pili ameshika kanda. "Fundi, umesahau kitu chako."

"Sijasahau. Umeipendaje?"

"Upande huu wa kawaida. Upande wa pili ndio mziki."

Marehemu alisimulia kwamba aliweka bisibisi chini. Katika wateja wake wote, huyu ndiye wa kwanza kugeuza kanda. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985. Kwenye sherehe mashemeji walitegemea bendi kubwa ya mjini, wakaletewa vijana wanne wenye gitaa moja na nusu. Kila aliyeuliza hawa ni nani, bwana harusi aling'aa uso.

Sasa hii ya Sisi Watatu.

Mwezi wa nne mwaka 1993 mwanadada mmoja mwimbaji alileta kanda karakana. Bendi yao, Sisi Watatu, ilikuwa ya watu watatu, yeye, mpiga gitaa na mpiga ngoma, na walifanyia mazoezi stoo ya seremala mmoja. Mpiga gitaa alikuwa ameitwa kazi kwenye machimbo ya mawe, mbali, na alitakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Walikubaliana hivi: fundi akisema wanafaa, mwenzao hatakwenda, watajikaza pamoja. Fundi hakuambiwa habari za machimbo. Alichoambiwa ni, "Ukishasikiliza, tuambie ukweli, usituonee haya." Akaiweka kanda kwenye rafu. Wiki ile alikuwa na televisheni za hoteli nzima zilizopigwa na radi, na mwenye hoteli alikuwa amekaa mlangoni kama mgonjwa anayesubiri dawa.

Alhamisi mwimbaji akarudi. Fundi alikuwa ameingiza kichwa ndani ya televisheni, bisibisi ameing'ata kwa meno.

"Fundi, shikamoo. Vipi kile kitu chetu?"

"Bado," akasema fundi, bila kutoa kichwa.

Yule dada akageuka kuondoka. "Haya, fundi. Ahsante."

Jumapili marehemu aliketi na chai yake akaiweka ile kanda. Mkewe anasema chai ilipoa, ikamwagwa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Wimbo wa kwanza ulipoisha aliurudisha mwanzo. Halafu akavaa viatu bila soksi, akaenda mbio kwa seremala.

"Wako wapi vijana wako?"

"Vijana gani tena? Bendi imekufa Ijumaa. Wa gitaa kaenda machimbo, ngoma zimeuzwa, dada wa watu kaondoka kwa ndugu zake. Wanasema umewaambia wako bado."

"Nani kasema wako bado? Nilisema bado! Bado sijasikiliza!"

Seremala akapuliza vumbi la mbao kwenye randa yake. "Sasa ndugu yangu," akasema, "si ungemalizia sentensi."

Maneno hayo marehemu aliyabeba miaka thelathini na moja. Alifika machimbo, akaambiwa kijana amehamishwa. Alimtafuta mwimbaji kwa jamaa zake, wakamwambia ameolewa mbali na mambo ya muziki hataki hata kuyasikia. Alimpa mtangazaji ile kanda, ikapigwa Jumamosi, na mtangazaji akasema hewani kwamba fundi wetu ameibua lulu nyingine. Mtaa mzima ulikuja kumpongeza. Yeye aliizima redio, akafunga karakana mapema, akalala chali akitazama dari. Alimwambia mkewe kwamba anajiona kama mtu anayepokea pole za msiba aliousababisha mwenyewe. Tangu hapo kila redio iliyotoka kwake ilitoka na Sisi Watatu. Wateja waliuliza, "Hawa wako wapi siku hizi?" Naye alijibu, "Niliwaua mimi." Wateja walicheka. Sisi wa nyumbani tulikuwa hatucheki.

Watoto wake wamelelewa kwa neno hilo. Nyumbani kwake "bado" haikuruhusiwa kusimama peke yake. Umeoga? Bado. Bado nini? Bado sijaoga, baba. Wageni waliona vituko. Shemeji zake walikuwa wakilisema makusudi ili wamwone anavyogeuka kama kuku aliyeitwa. Lakini kanda yoyote iliyofika karakana baada ya mwaka huo aliisikiliza siku ile ile, mwenye kanda akiwa ameketi mbele yake, na jibu alilitoa kwa sentensi kamili yenye mwanzo na mwisho. Wanamuziki waliompitia watashuhudia kwamba wakati mwingine alizidisha. Kuna kijana wa kinanda aliyeelezwa makosa yake mpaka akaomba maji.

Tarehe 9 Januari mwaka huu marehemu alipigwa na kiharusi akiwa kazini. Mkono wa kulia ulikataa, na maneno yakampotea yote. Madaktari walisema yanaweza kurudi moja moja. Katikati ya Februari likarudi la kwanza. Muuguzi alimuuliza kama amekula, akajibu, "Bado." Wakafurahi sana wodini. Mkewe alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Katika maneno yote ya dunia, ndilo hilo, na halikuja na mwenzake. Ukimuuliza anaumwa wapi, bado. Anataka maji? Bado. Alikuwa akilisikia likitoka na machozi yanamtiririka, na hakuweza kumalizia.

Binti yake mkubwa ndiye aliyeamua kutafuta upya. Aliuweka wimbo wa kwanza wa ile kanda kwenye simu, akausambaza kila kundi alilokuwemo, akiuliza kama kuna anayeijua sauti hii. Mwezi wa nne alipigiwa na mwanamke mshonaji wa sare za shule. "Hiyo sauti," alisema, "ni yangu."

Alikuja hospitali tarehe 12 Mei, na mjukuu wake amemshika mkono. Binti alikuwa amemweleza kila kitu kwenye simu. Akavuta kiti karibu na kitanda.

"Fundi, shikamoo. Umenikumbuka?"

Marehemu akafungua mdomo. Tuliokuwepo tulijua kitakachotoka, na hakuna aliyeweza kukizuia. "Bado," akasema. Akaupiga ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto, tena na tena, mpaka mkewe akaushika.

Mwanamke yule hakusema asijali. Alisema, "Ilituuma, fundi. Sitakudanganya. Yule wa gitaa amefariki miaka sita iliyopita, na tangu ile Alhamisi hakushika gitaa tena. Mimi nilikuwa naimba kwenye cherehani, nikisikia mtu mlangoni nanyamaza." Akamvuta mjukuu wake karibu. "Na mimi ningeuliza neno la pili. Bado nini, fundi? Basi tu. Kiburi cha usichana, nikageuka nikaondoka."

"Bado," akasema marehemu. Sauti ilikuwa ndogo. "Bado."

Mwimbaji akamtazama usoni kwa muda. Halafu akammalizia. "Bado unasikiliza," akasema. "Si ndiyo?"

Marehemu akaitikia kwa kichwa. Akaimbiwa pale pale, wimbo wa kwanza, bila gitaa wala ngoma. Hatusemi kwamba alisamehewa, kwa maana neno hilo hatukulisikia likitamkwa, naye mwenyewe asingependa tulitie sisi. Alifariki tarehe 21 Mei 2024 alfajiri, akiwa na miaka sitini na minne.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili na kaka mmoja. Ameacha karakana yenye redio za watu ambazo mwanawe wa pili anazimalizia. Wenye mali msiwe na wasiwasi, na mkikuta sauti ngeni ndani, mnajua la kufanya. Baada ya wasifu huu mwimbaji wa Sisi Watatu atasimama. Yule wa ngoma tumempata pia, amefika na ngoma za kuazima. Nafasi ya gitaa itakaa kimya, na tunaomba kimya hicho nacho mkisikilize hadi mwisho.

Pumzika kwa amani, fundi. Ile sentensi uliyoikata imeshamaliziwa, na sisi wa nyumbani tunairudia mbele ya kaburi lako ili isikatike tena: bado tunasikiliza.