Nerida Scully, Aliyewafuata Waliojitoa

Marehemu mama yetu, Nerida Anne Scully, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mjini Penguin, Tasmania, akiwa kitinda mimba wa Alf na Ivy Pettifer, wakulima wa viazi. Alisoma hapo hapo, kisha akasomea uuguzi Launceston, ambako alifaulu kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Mwaka 1961 aliolewa na baba, Colin, mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi hapa Burnie. Tukazaliwa mimi, Leanne, na kaka yangu Gavin. Jumapili nyumba nzima ilinukia kondoo wa kuoka. Natamani siku zile zirudi, hata moja tu.

Mwaka 1991 aliajiriwa kwenye utafiti wa uzee na sonona, uliowahoji wazee wale wale mia sita kila baada ya miaka mitatu. Kufikia mwaka 2000 ripoti ilionyesha kwamba wazee wetu wanazidi kuchangamka. Ofisini wakapongezana. Mama akakataa.

"Daktari, hawajachangamka," alimwambia mkubwa wake. "Wenye huzuni ndio hawatufungulii mlango."

Akaomba orodha ya walioandikwa "amejitoa", akawasha gari lake, Corolla. Mzee Ron Dobbie wa Wynyard alimfokea dirishani: "Nimeshasema sitaki maswali yenu!"

"Maswali nimeyaacha garini. Nina skoni, vimkate nilivyooka mwenyewe, na miguu inaniuma."

Mzee akafungua mlango, akaonja moja. "Ngumu hizi, mama!"

"Basi usile."

Alizila zote, na safari ya tatu akakubali kuhojiwa. Waliporudi thelathini na saba kama yeye, hesabu ziligeuka, ripoti ikaandikwa upya.

Alipostaafu, utafiti uliongeza wazee wapya, na mama naye akawa mmoja wa wanaohojiwa. Baba alipofariki mwaka 2018, mama alijifungia ndani, na barua ya utafiti hakuigusa. Mimi, kwa uchovu, nilipiga simu nikasema amejitoa. Lilikuwa kosa langu, nalikiri mbele yenu.

"Wewe Leanne, nani kakwambia nimejitoa?" aliniuliza. "Nimezidiwa tu. Waambie waje!"

Walikuja, mahojiano yakaonyesha kwamba ana sonona, akapata matibabu.

Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua. Tarehe 3 Juni 2024, akiwa kitandani hospitalini, nilimsomea fomu yake ya mwisho. Kwenye swali la upweke nilisita.

"Andika ndiyo," akasema. "Na andika kwamba ulikuwepo, umenishika mkono."

Kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya maneno hayo. Niliandika pembeni.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni, asubuhi. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na dada yake, Thelma.

Pumzika kwa amani, mama.