Lukresia Malimi, Mkaguzi wa Nyama Aliyetaka Kuona Picha Zake

Dada yetu mkubwa, marehemu Lukresia Malimi, alizaliwa Nkololo tarehe 14 Juni 1968, mtoto wa kwanza wa mzee Malimi Shida na mama Nyanjige. Mbuzi akichinjwa nyumbani, alichuchumaa pembeni na kuuliza jina la kila kiungo, hadi nyama ikachelewa kufika jikoni.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nkololo, akamaliza sekondari mwaka 1987, kisha akapata cheti cha afya ya mifugo Mpwapwa mwaka 1990.

Aliajiriwa Maswa kama mkaguzi wa nyama, akiishi Binza, na mwaka 2003 alihamishiwa Bariadi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipasua tezi za ng'ombe kwa kisu, akitafuta ugonjwa kabla ya kugonga mhuri.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Dastan Nyanda, mkulima wa mpunga wa Ngulyati. Walijaliwa watoto watatu.

Agosti 2021, akinawa baada ya kazi, aligusa uvimbe shingoni. Haukuuma. Alimwambia shemeji Dastan kwamba kwa ng'ombe, tezi ya namna hiyo asingeipitisha. Hospitali ya rufaa Mwanza walikata kipande kidogo cha uvimbe huo, wakakipima, wakakuta limfoma, yaani saratani ya tezi. CT scan ilionyesha tezi nyingine zimevimba kifuani. Alitundikiwa dripu za dawa mara sita. CT iliyofuata ilionyesha uvimbe wa kifuani umenywea, lakini bado upo. Ndugu tuligawanyika: wengine tulitaka aanzishiwe mionzi, wengine tulisema amechoka. Yeye aliomba kuiona picha.

“Daktari, mimi tezi naikata ndiyo nijue,” alisema. “Wewe hujakata. Unajuaje kama kilichobaki ni ugonjwa au kovu?”

“Kwa picha hii, mama, sijui,” daktari alimjibu. “Inanionyesha ukubwa tu.”

Alimweleza kuwa kuna kipimo kingine, PET scan. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo. Saratani iliyo hai huila kwa pupa, ikang'aa kwenye picha. Aprili 2022 yeye na Dastan walisafiri hadi Nairobi kukifanya. Alipoona kichwa chake kinang'aa alishtuka, akaambiwa ubongo wa kila mtu hula sukari. Alicheka, akauliza habari za moyo na kibofu, navyo viling'aa. Kifuani palikuwa giza. Lilikuwa kovu.

Alirudi kazini miaka mitatu, akastaafu, akambeba mjukuu wake wa kwanza.

Julai 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii kwa homa na jasho. Dawa za awamu ya pili hazikufua dafu. Picha mpya ilionyesha ugonjwa umeenea tumboni na kwenye ini. Dastan alikuwa tayari kuuza ng'ombe ili wasafiri tena. Dada alimwomba daktari, “Geuza kioo cha kompyuta, mzee naye aone. Akiona mwenyewe, hatajilaumu tukirudi nyumbani.”

Shemeji aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Twende nyumbani, mayu,” yaani mama kwa Kisukuma.

Alifariki Ngulyati asubuhi ya tarehe 11 Novemba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, Apolonia, Masalu na Precious, mjukuu mmoja, wadogo zake wanne, na mama yetu Nyanjige, ambaye macho yake hayaoni tena. Mama anaomba kila aliyekuja apite amshike mkono na kumtajia jina lake, apate kujua ni nani waliomsindikiza mwanawe.

Bwana ampokee Lukresia, naye apumzike kwa amani.